Kiti cha daktari wa meno: umbo lake, raha na imani ya mgonjwa, na mambo ya kuangalia wakati wa kuagiza na kusafirisha

Vifaa vya hospitali ni miongoni mwa shehena zinazopita mara kwa mara katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam kuelekea Kampala, Kigali, Bujumbura, Juba na Lubumbashi. Kimojawapo ni kiti cha daktari wa meno. Kwa karani wa bohari hilo ni sanduku la mbao lenye mishale ya kuonyesha upande wa juu. Kwa dereva ni mzigo usiotaka mashimo. Kwa mwenye kliniki ni mtaji mkubwa ambao lazima urudi. Lakini anayelala juu yake ni mgonjwa, na kliniki hulipwa pale mgonjwa anapokubali kulala na, zaidi ya hapo, anapokubali kurudi tena.

Makala hii inaeleza namna kiti hicho kinavyofanya kazi, sehemu zipi humpa mgonjwa raha au kumwongezea hofu, na mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua ili kiti kifike kikiwa kile kile kilichoagizwa.

Kwa nini mfanyabiashara ajali raha ya mgonjwa

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa na meno yanawagusa watu wapatao bilioni 3.5 duniani. Pamoja na wingi huo, watu wengi huahirisha kwenda kwa daktari wa meno mpaka maumivu yanapowazidi. Sababu ni nyingi, zikiwemo gharama na umbali, lakini hofu nayo ni sababu inayojulikana.

Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, Norman Corah, alichapisha kipimo chenye maswali manne cha kupima hofu ya mgonjwa wa meno. Maswali mawili kati ya hayo manne yanamweka mgonjwa juu ya kiti: anaulizwa anajisikiaje akiwa amekaa kitini huku daktari akitayarisha drili, na anajisikiaje akisubiri vifaa vya kusafishia meno vitolewe. Maana yake ni kwamba hofu huanza kabla jino halijaguswa. Huanza mgonjwa anapoona kiti na kukaa juu yake.

Kwa hiyo kliniki iliyonunua kiti kinachotikisika, kinacholia au kilichochanika hupoteza wateja hata kama daktari wake ni hodari. Kliniki ikikosa wateja haimalizi deni la kiti, haiagizi vipuri, wala hairudi kuagiza kiti cha pili. Hapo ndipo raha ya mgonjwa inapoingia katika hesabu za mfanyabiashara.

Historia kwa ufupi

Zamani mgonjwa aling'olewa jino akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida, au hata chini, huku msaidizi amemshika kichwa. Karibu mwaka 1790 daktari wa meno wa Marekani, Josiah Flagg, alichukua kiti cha mbao cha aina ya Windsor akakiongezea egemeo la kichwa pamoja na mkono mpana wa kuwekea vifaa. Mwaka 1832 James Snell wa London alitengeneza kiti ambacho mgonjwa angeweza kuegemea nyuma. Mwaka 1877 Basil Manly Wilkerson, Mmarekani, alileta kiti kilichopanda na kushuka kwa nguvu ya haidroliki.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950. Drili zinazoendeshwa kwa hewa zilizoingia sokoni mwaka 1957 zilizunguka kwa kasi ya maelfu mengi mno kwa dakika, zikahitaji maji ya kupoza jino na mrija wa kufyonza maji hayo kinywani. Mwaka 1958 John Naughton wa Marekani akaleta kiti kinachomlaza mgonjwa kabisa. Daktari ambaye siku zote alisimama akainama, sasa akaweza kukaa kwenye kigoda huku msaidizi wake amekaa upande wa pili.

Kulala kulimpunguzia daktari maumivu ya mgongo na kumpunguzia mgonjwa uchovu wa shingo. Lakini kulileta jambo jipya: mtu aliyelala chali, mdomo wazi, haoni kinachofanyika na hawezi kusema. Karibu kila kinachoelezwa hapa chini kuhusu umbo la kiti kinatokana na hali hiyo.

Sehemu zinazomgusa mgonjwa

Kimo cha kukalia. Kiti kikishushwa mpaka mwisho, mgonjwa anapaswa kukaa nyayo zake zikiwa zimegusa sakafu. Mzee, mjamzito au mtu mwenye maumivu ya goti akilazimika kupanda kama anayepanda kitanda kirefu, huanza matibabu akiwa tayari ana wasiwasi. Muulize muuzaji kimo cha chini kabisa kwa sentimita, halafu ukilinganishe na kiti cha kawaida cha kulia chakula ambacho huwa na sentimita 45 hivi.

Egemeo la mgongo. Linatakiwa liwe jembamba ili magoti ya daktari yapite chini yake, lakini lisiwe gumu. Egemeo nene mno humfanya daktari anyooshe mikono kutoka mbali, naye huchoka haraka. Daktari aliyechoka hufanya kazi kwa pupa, na mgonjwa huisikia pupa hiyo mdomoni mwake.

Egemeo la kichwa. Hii ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huisahau. Egemeo zuri lina viungo viwili, linaweza kurefushwa kwa mtu mrefu, kufupishwa kwa mtoto, na kuinuliwa kwa mzee aliyepinda mgongo. Egemeo la kiungo kimoja humlazimisha mgonjwa kubeba kichwa chake mwenyewe. Baada ya dakika ishirini shingo inauma kuliko jino.

Mikono ya kiti. Mgonjwa mwenye hofu hutafuta mahali pa kushika. Mkono wa kiti usiolegea humpa mahali hapo. Mmojawapo uweze kufunguka kwa nje au kuinuliwa, ili mtu mnene, mjamzito au anayetoka kwenye kiti cha magurudumu aweze kukaa bila kuhangaika.

Godoro na ngozi yake. Ngozi bandia isiyo na mishono, au yenye mishono michache, husafishika kirahisi kwa sababu hakuna mifereji ya kushika damu na mate. Sponji ikiwa laini kupita kiasi mgonjwa hudidimia na kushindwa kujigeuza. Ikiwa ngumu, nyonga huuma. Ngozi iliyopasuka ni jambo la kwanza mgonjwa huliona akiingia, naye hujiuliza: kama hiki hakijasafishwa, vipi vile vinavyoingia mdomoni? Mnunuzi aelezwe kwamba dawa kali za klorini, kama jiki, hukausha na kupasua ngozi nyingi za viti. Atumie dawa iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Mwendo. Kiti kinapolala kianze taratibu na kusimama taratibu. Kiti kinachoshtuka humfanya mgonjwa ahisi anaanguka chali, na mikono yake huruka kushika chochote. Viti vya mota za umeme na vile vya haidroliki vyote vinaweza kwenda vizuri au vibaya, kutegemea ubora. Cha haidroliki kikianza kuvuja mafuta, hushuka chenyewe polepole huku mgonjwa yuko juu. Cha mota kikichakaa gia, hulia na kutikisika. Viti vizuri pia vina swichi ya usalama inayokisimamisha kikigusa kitu chini yake, kama vile kigoda cha daktari au mguu wa mtoto.

Mahali pa vifaa. Katika baadhi ya viti sinia ya drili huning'inia juu ya kifua cha mgonjwa. Katika vingine iko pembeni au nyuma ya kichwa, au juu ya meza ya magurudumu. Sinia ya juu ya kifua humfaa daktari, lakini mgonjwa huona kila ncha na kila sindano. Sinia ya nyuma huvificha, ingawa wapo wagonjwa ambao wasipoona hushuku zaidi. Hakuna jibu moja. La muhimu ni mnunuzi aulizwe kabla, kwa sababu kubadilisha mpangilio baada ya kiti kufika ni kazi ngumu na ya gharama.

Taa. Taa nzuri huangaza mdomo tu na kuacha macho gizani. Taa inayomulika machoni humfanya mgonjwa afumbe macho na kukaza uso. Taa za LED hazitoi joto kubwa kama zile za zamani za balbu za halojeni, na balbu zake hudumu zaidi, jambo linalosaidia mahali ambapo vipuri viko mbali.

Sauti. Mlio wa drili hauwezi kuondolewa kabisa, lakini mngurumo wa kompresa unaweza. Kompresa iwekwe chumba kingine au nje penye kivuli na ulinzi. Iwe ya aina isiyotumia mafuta, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye hewa hufika kwenye jino na kuzuia dawa ya kuzibia isishike. Mgonjwa ambaye jino lake lililozibwa limefunguka baada ya wiki mbili hawezi kulaumu kompresa. Atamlaumu daktari.

Heshima ya mgonjwa. Katika nchi zetu wanawake wengi huja wamevaa gauni, kanga, kitenge au buibui. Kiti kinachoinua miguu juu kuliko kichwa kinawatia aibu. Muundo ambao miguu na mgongo hubaki karibu usawa mmoja unafaa zaidi, na kliniki nyingine huweka kanga safi ya kumfunika mgonjwa miguu. Vilevile kiti kisielekezwe mlangoni kiasi kwamba wanaosubiri nje wanamwona aliyelala.

Wagonjwa ambao kiti cha kulala hakiwafai moja kwa moja

Mfanyabiashara si daktari, lakini akijua mambo haya ataelewa kwa nini kiti chenye hatua nyingi za kuegemea ni bora kuliko chenye hatua mbili tu za kukaa na kulala.

Mjamzito katika miezi ya mwisho akilazwa chali kabisa, uzito wa mimba unaweza kubana mshipa mkubwa wa damu na kumletea kizunguzungu. Huinuliwa kiasi na kuegemezwa kidogo upande wa kushoto. Mgonjwa wa moyo au mwenye shida ya kupumua anaweza asivumilie kulala. Mzee anayetumia dawa za presha akiinuliwa ghafla anaweza kuanguka akisimama, ndiyo maana kiti kinapaswa kuinuka kwa hatua na mgonjwa kukaa kidogo kabla ya kushuka. Mtoto mdogo mara nyingi huangaliwa akiwa amepakatwa na mama, bila kutumia kiti kabisa.

Kiti hakimalizi kazi

Ni vizuri kusema wazi kwamba kiti kizuri peke yake hakileti imani. Kliniki yenye kiti cha bei kubwa na daktari asiyesalimia haitapata wateja. Madaktari wazoefu huzungumza na mgonjwa akiwa bado amekaa wima, macho kwa macho, wakamweleza kitakachofanyika, ndipo wakamlaza. Humwambia pia kwamba akiinua mkono kazi itasimama, nao husimama kweli. Hayo hayana bei. Lakini kiti kinachotii, kinachotulia na kilicho safi huyapa maneno ya daktari uzito. Kiti kikishuka chenyewe wakati daktari anasema usiogope, mgonjwa ataamini kiti.

Umeme, maji na hewa

Kabla ya kulipa, hakikisha kiti kinafaa mazingira ya kinakokwenda.

Umeme wa Afrika Mashariki ni wa volti 220 hadi 240 na hezi 50. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani ni cha volti 110 hadi 120 na hezi 60. Kikichomekwa moja kwa moja huunguza saketi zake. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, na mota nyingi za hezi 60 huzunguka polepole na kupata joto zikitumia hezi 50. Plagi nazo hutofautiana: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia kwa wingi plagi ya pini tatu za bapa, wakati Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini za mviringo.

Umeme ukikatika ghafla kiti husimama pale kilipo. Uliza kama kina namna ya kushushwa kwa mkono. Mgonjwa aliyebaki juu, mdomo umejaa pamba, taa imezimika, hatasahau siku hiyo. Kwenye miji yenye umeme usio thabiti, mnunuzi ashauriwe kuweka stebilaiza na inveta yenye betri, angalau kwa ajili ya mwendo wa kiti na taa.

Maji yenye chumvi nyingi huziba mirija myembamba. Kiti chenye chupa yake ya maji safi ni salama zaidi mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki.

Vilevile mnunuzi apewe mapema mchoro wa sakafu kutoka kwa mtengenezaji. Mchoro huo huonyesha mahali ambapo bomba la maji, la maji machafu, la hewa na waya wa umeme vinatakiwa kutokea. Saruji ikimwagwa kabla ya mchoro kufika, sakafu mpya italazimika kuvunjwa.

Mahali vinakotoka

Viti vya bei ya juu hutoka kwa watengenezaji kama A-dec wa Oregon, Marekani, Planmeca wa Finland na Takara Belmont wa Japan. Viti vya bei nafuu vinavyoonekana zaidi katika masoko yetu vinatoka China, hasa eneo la Foshan katika jimbo la Guangdong, ambako kuna viwanda vingi vya bidhaa hii. Bei nafuu si lazima iwe ubovu. Tofauti kubwa huonekana mwaka wa pili, wakati kipuri kinapohitajika.

Muulize muuzaji vyeti vinavyotambulika. ISO 7494-1 inahusu viti na mashine za meno. IEC 60601-1 inahusu usalama wa vifaa vya tiba vinavyotumia umeme. ISO 13485 inahusu mfumo wa ubora wa kiwanda chenyewe, kwa hiyo mtu akikuonyesha hiyo peke yake bado hajathibitisha kiti. Soma jina la kiwanda na namba ya modeli kwenye cheti, uvilinganishe na ankara.

Viti vilivyotumika huvutia kwa bei, lakini vina mambo yake. Ndani ya vichujio kunaweza kubaki vipande vya amalgamu vyenye zebaki, madini ambayo biashara na matumizi yake yanasimamiwa na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Mirija ya zamani hubeba uchafu usioonekana. Kiti kisafishwe, mirija ibadilishwe na vichujio viondolewe huko huko kinakotoka. Pia uliza mamlaka ya nchi unayopeleka kuhusu masharti ya vifaa vya tiba vilivyotumika kabla ya kulipa, si baada ya meli kuondoka.

Forodha: kiti kimoja, mafungu tofauti

Hapa ndipo wengi hukwama. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kiti cha daktari wa meno peke yake kimo katika namba 9402.10, pamoja na viti vya kinyozi. Hata hivyo, kiti kilichoungwa pamoja na vifaa vya meno hakimo humo. Maelezo ya sura ya 94 yanakitoa na kukipeleka fungu la 9018, ambako drili za meno ziko 9018.41 na vifaa vingine vya meno 9018.49. Beseni la kutemea mate nalo ni la 9018. Kompresa ikija pembeni ni ya fungu la 8414. Mashine ya eksirei ya meno ni 9022.13.

Kwa hiyo ankara iliyoandikwa tu "kiti cha meno, seti 1" inaalika mabishano. Andika kila kitu kwa jina, idadi na thamani, na ueleze kama drili, taa na beseni vimeungwa kwenye kiti au la. Wakala wako wa forodha akupe kiwango cha ushuru na kodi kwa kila namba, kwa mujibu wa kitabu cha ushuru cha mwaka husika, kabla hujaagiza. Kumbuka kwamba kwa mzigo wa bahari ushuru hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima.

Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa zikitumia utaratibu wa himaya moja ya forodha, ambapo ushuru wa mzigo unaobaki ndani ya Jumuiya hulipwa nchi unakokwenda wakati mzigo bado uko bandari ya kwanza. Ule utaratibu rahisi wa cheti cha uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Kiti cha China hakiingii humo hata kikiwa kimenunuliwa dukani Nairobi au Kariakoo.

Vibali vya vifaa tiba ni jambo jingine. Tanzania anayehusika ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ni NDA na Rwanda ni Rwanda FDA. Kama kiti kimefungwa eksirei, kibali cha mamlaka ya mionzi kinahitajika pia. Hiki huchukua muda wake, na wakati huo gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinaendelea kupanda.

Kufungasha na kusafirisha

Seti ya kiti na mashine zake kwa kawaida huja katika sanduku moja la mbao au plaiwudi. Vipimo vya kawaida ni mita 1.5 kwa 1.1 kwa 1.2, na uzito wa jumla kilo 200 hadi 300. Ujazo huo ni karibu mita 2 za ujazo. Kwa vipimo hivyo, kontena la futi 20 linachukua masanduku 7 sakafuni bila kupandisha jingine juu, na nafasi ndogo inayobaki hutosha maboksi ya kompresa na vigoda. Kupanda juu kuruhusiwe tu kama kiwanda kimeandika kwamba sanduku linahimili.

Mbao za sanduku ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Mbao zisizo na muhuri zinaweza kuzuiwa kwa hofu ya wadudu.

Kwa wasafirishaji, mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Sanduku lisilazwe ubavu. Kiti cha haidroliki kikilazwa kinaweza kuvuja mafuta au kuingiza hewa, na baadaye kikapanda kwa kushtuka.

2. Uzito mwingi uko kwenye kitako cha chuma, si katikati ya sanduku. Forklifti iingie upande ulioonyeshwa.

3. Mikanda ya kukazia ipite juu ya fremu ya mbao, isibane ubavu wa sanduku. Weka sponji au mpira mahali mkanda unapogusa.

4. Turubai liwe zima. Maji yakiingia kwenye saketi, kiti kinaweza kuwaka siku ya kwanza na kuzima mwezi wa pili.

5. Kwenye barabara za vumbi na mashimo punguza mwendo. Mtikisiko hulegeza boliti za mkono wa taa na sinia. Boliti za kusafirishia zilizofungwa kiwandani zisitolewe mpaka fundi afike.

6. Usishushe kwa kusukumia juu ya matairi. Njia hiyo inafaa magunia. Kitako kikipinda kidogo tu kiti hutikisika milele, na mgonjwa atadhani anaanguka. Pasipo forklifti, tumia mbao nene za mteremko, mabomba ya kuviringishia na watu wa kutosha.

7. Kiti kikishatolewa sandukuni kisinyanyuliwe kwa kushika mikono yake, taa wala egemeo la kichwa. Kinyanyuliwe kutoka kwenye kitako.

Sanduku likifunguliwa kwa ukaguzi mpakani au bandarini, wakala awepo. Aombe lifunguliwe upande wa misumari ya kifuniko, na kisu kisitumike kupasua plastiki iliyogusana na ngozi. Mkato wa sentimita mbili kwenye godoro huwa mpasuko mrefu baada ya miezi michache. Baada ya ukaguzi sanduku lipigwe misumari upya, na hali yake iandikwe.

Kukabidhi mzigo

Ugomvi mwingi kati ya mwenye lori na mwenye kliniki hutokea kwa sababu sanduku lilipokelewa likiwa limefungwa. Lifunguliwe mbele ya dereva na mpokeaji. Waangalie pamoja ngozi, taa, kioo cha beseni, kanyagio na idadi ya vipande kulingana na orodha ya vifungashio. Kasoro yoyote iandikwe kwenye hati ya kupokelea kabla ya sahihi, na ipigwe picha. Bila maandishi hayo madai ya bima huwa magumu, na dereva asiye na kosa anaweza kukatwa mshahara kwa uharibifu uliotokea kiwandani.

Majaribio ya mwisho yafanywe mtu akiwa amelala juu, si kiti kikiwa kitupu. Mtu mzima akae, kiti kishushwe, kilazwe, kiinuliwe, mara tano au sita. Kisha kiachwe juu kwa nusu saa akiwa bado amelala, na kimo kipimwe mwanzo na mwisho. Kama kimeshuka, kuna uvujaji. Kiti kitupu kinaweza kufaulu jaribio ambalo kitashindwa mbele ya mgonjwa wa kwanza.

Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa

- Kimo cha chini na cha juu cha kiti ni sentimita ngapi, na kinabeba uzito wa kilo ngapi?
- Egemeo la kichwa lina viungo vingapi?
- Ni mota au haidroliki, na umeme ukikatika kinashushwaje?
- Volti na hezi ni ngapi kwenye kibandiko cha kiti chenyewe, si kwenye kipeperushi?
- Sinia iko wapi, na inaweza kuhamishwa kwa daktari anayetumia mkono wa kushoto?
- Ngozi ya akiba, kanyagio, saketi na mirija vinapatikana wapi, na vinafika kwa siku ngapi?
- Ni fundi gani katika nchi inayopokea anayejua modeli hiyo?
- Garantii inaanza siku ya kusafirisha au siku ya kufungwa kliniki? Mzigo unaokaa njiani miezi miwili unaweza kupoteza miezi miwili ya garantii.

Mfanyabiashara anayeanza anashauriwa kuleta kiti kimoja au viwili vya modeli moja, pamoja na boksi la vipuri vinavyochakaa haraka, na kurudi kliniki baada ya miezi sita. Amwulize daktari hali ya kiti, halafu aombe ruhusa ya kuwauliza wagonjwa wawili watatu walijisikiaje walipolala. Majibu ya wagonjwa hao ndiyo yatakayomwambia kama modeli hiyo inafaa kuagizwa kontena zima.